Akiba ya Moyo Haiwekwi na Mtu Mmoja

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Kufikia siku hiyo wengi wetu tulishatupa barakoa, mitungi ya kunawia mikono milangoni mwa maduka ilishaondolewa, na kafyu ilishakuwa hadithi ya kusimuliana. Hesabu ya wagonjwa na waliofariki tulikuwa tumesomewa kila siku kwenye televisheni. Waliokosa usingizi hawakuhesabiwa. Hawakuhesabiwa akina mama waliokula matonge mawili wakasukuma sahani, wala akina baba waliokaa gizani sebuleni na kila wakiulizwa wana nini wakajibu hawana neno.

Nawaandikia kwa sababu gonjwa jingine litakuja, nasi tuna muda wa kujiandaa. Sisemi hivi kumtia mtu hofu. Mkoa wa Kagera, Tanzania, umeshapigwa na ugonjwa wa Marburg mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Agosti 2024 WHO ilitangaza dharura nyingine, ya mpox, iliyokuwa imeenea mashariki mwa Kongo na kufika Burundi, Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kenya. Kila ugonjwa ukibisha hodi tunakimbilia sabuni, barakoa na chanjo, na ni haki tukimbilie. Ninayoiombea nafasi ni kinga ya moyo. Hii haishushwi bandarini wala haiji na ndege. Sisi wenyewe ndio wa kuitengeneza, na tunatakiwa kuianza sasa hivi, wakati hakuna amri ya mtu kukaa ndani.

Machi 2022 WHO ilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Watafiti waliochapisha katika jarida la Lancet mwaka 2021 walikadiria kwamba mwaka 2020 pekee ulizidisha wagonjwa wa sonona zaidi ya milioni 53 na wa wasiwasi milioni 76, na kwamba wanawake na vijana ndio walioumia zaidi. Hilo ni janga juu ya janga. Lakini tuitazame hesabu hiyo upande wake wa pili: walio wengi, pamoja na hofu, msiba na kukosa kazi, hawakuanguka. Walilia, wakahangaika, kisha wakaamka wakachota maji. Nini kiliwashika?

Swali hilo lina historia. Katika miaka ya 1970 Aaron Antonovsky, mwanasosholojia aliyefanya kazi Israeli, alikuwa akichunguza afya ya wanawake wa umri wa makamo, na miongoni mwao walikuwamo walionusurika kambi za mateso za Wanazi. Aliona kwamba asilimia 51 ya wanawake wasiopitia kambi hizo walikuwa na afya njema ya nafsi. Kwa walionusurika ilikuwa asilimia 29. Mtafiti mwingine angeandika kwamba mateso huharibu akili, akafunga daftari. Yeye alishangazwa na ile 29. Mtu aliyepitia moto ule, akapoteza wazazi na ndugu, akahamia nchi ngeni na kuishi humo katika vita, anawezaje kuwa mzima? Akaacha kuuliza kinachowaangusha watu, akaanza kuuliza kinachowasimamisha.

Jibu alilolipata lina mambo matatu. Mtu husimama akielewa kinachotokea. Husimama akiamini kwamba uwezo wa kukikabili upo. Na husimama akiona kwamba kuna jambo linalostahili jitihada yake. Hapo pa pili ndipo ninapoomba mpatazame sana, kwa sababu Antonovsky hakusema uwezo huo lazima uwe mikononi mwa mtu mwenyewe. Unaweza kuwa mikononi mwa mwenzi wake, rafiki, jamaa, kiongozi anayemwamini, au Mungu. Mradi ajue kwamba upo mahali, na kwamba mahali hapo hapajafungwa mlango.

Ndiyo maana nakataa kabisa hii desturi ya kumwambia mtu awe jasiri kisha tukamwacha palepale. Ujasiri wa mtu mmoja una kikomo, na kikomo chake hufika usiku. Ushauri mwingi tuliopewa wakati wa korona ulimlenga mtu peke yake: vuta pumzi, fanya mazoezi, punguza kutazama habari. Ni ushauri mzuri, nami sitauponda. Ila ulifika nyumba ya chumba kimoja Mathare au Kisauni, yenye watu sita, ukakuta hakuna pembe ya kuvutia hiyo pumzi.

Mkumbuke Mji wa Kale, Mombasa. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali iliufunga pamoja na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka, kwa mwezi mzima. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, tarawehe ikasaliwa majumbani, barza zikawa tupu. Asiyewajua watu wa kule ataona ni viti vya mawe tu vimekosa wakaaji. Lakini kwenye barza ndiko hujulikana kwamba fulani hajaonekana siku mbili, na mtu akatumwa kumwangalia. Ndiko kijana asiye na kazi hupata kikombe cha kahawa na salamu, akasikia kwamba bado ana jina mjini. Mzee aliyefiwa na mkewe hukaa hapo baina ya alasiri na magharibi, hasemi kitu, wala hakuna anayemlazimisha aseme, na mtu akipita humtolea salamu. Hiyo ni tiba. Haina risiti, haina daktari, na kwa kuwa haina risiti, amri ilipoifunga hakuna aliyefikiria nini kiwekwe badala yake.

Sisemi amri zote zilikuwa makosa. Ugonjwa ulikuwa unaua kweli, na watu kukusanyika kulikuwa hatari kweli. Nasema kwamba tulifungiwa tegemeo bila kuandaliwa jingine, na sisi pia hatukudai.

Matanga nayo yalipigwa vibaya zaidi. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu kumi na watano. Aprili 2020, kaunti ya Siaya, marehemu alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na nchi nzima ikaona picha. Kwetu, awe Mwislamu, Mkristo au mfuasi wa mila za mababu, msiba una kazi zake: kuosha, kukesha, kupika, kuchanga, kuimba, kusoma hitima, kukaa na wafiwa hadi machozi yapungue. Kila kazi humpa mtu namna ya kubeba sehemu ya uchungu. Ukiziondoa zote kwa siku moja, uchungu hauondoki nazo. Wapo wenzetu wanaoubeba mpaka leo, na hawakupata arubaini wala misa ya kumbukumbu ya kuutulia chini.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Kongo Mashariki, penye Waswahili wenzetu wa Beni na Butembo, Ebola ilitangazwa Agosti 2018 ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa imekwisha Juni 2020. Ni ugonjwa mkali kuliko korona, na ulipiga katikati ya vita. Hata hivyo shirika la ALIMA liliweka huko vyumba vya plastiki inayoonyesha, viitwavyo CUBE, ili jamaa wafike karibu, wamtazame mgonjwa wao, wazungumze naye na wamwombee bila kumgusa. Kanuni za mazishi zilikuwa zimeshabadilishwa tangu Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, kwa sababu familia zilikuwa zikificha maiti. Tangu hapo timu zikafundishwa kuwashirikisha jamaa na viongozi wa dini katika mazishi yaliyo salama na yenye heshima. Kama heshima iliwezekana penye Ebola na risasi, itawezekana Siaya, Kilifi na Kagera.

Kuna jambo jingine kutoka Beni na Butembo ambalo ningependa kila kiongozi wa mtaa alijue. Watoto wachanga ambao mama zao walilazwa walihitaji kushikwa, na kuwashika kulikuwa hatari. UNICEF na wenzake wakafungua vituo vya malezi karibu na hospitali, wakawaajiri waliopona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Waliokuwa wakiogopwa na majirani, pengine wamezika waume na watoto, wakawa ndio pekee wanaoweza kumbeba mtoto wa mgonjwa kifuani bila lile vazi zito. Mtoto alipata uso wa kutazama. Na aliyepona alipata lile jambo la tatu la Antonovsky: kuna linalostahili niamke kesho.

Kuhusu lile jambo la kwanza, kuelewa, sitasema mengi, maana wenyewe mliyaona. Tanzania iliacha kutoa takwimu Mei 2020, idadi ya wagonjwa ikiwa 509, na haikuanza kutaja tena hadi katikati ya 2021. Katikati hapo familia zilizika watu wao kwa jina la changamoto ya upumuaji, na kila mtu akabaki na dhana yake. Huku kwetu takwimu zilikuja kila siku, lakini zilikuja na rungu: siku ya kwanza ya kafyu, 27 Machi 2020, waliokuwa wakigombania feri ya Likoni, Mombasa, ili wawahi nyumbani walipigwa mabomu ya machozi. Akili ya binadamu hutulia ikiambiwa ukweli na mtu inayemwamini. Ikinyimwa ukweli hubuni wake, na ikitishwa haisikii hata ule wa kweli.

Sasa nifike kwenye ombi langu, nikianza na jambo ambalo wengi hawaliamini: si lazima uwe daktari ili uuponye moyo wa mtu. Serikali za dunia, kwa wastani, huitengea afya ya akili asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya. Tukisema tusubiri madaktari wa akili watoshe, tutasubiri hadi gonjwa lije na kuondoka. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, kule Harare, Zimbabwe, aliwafundisha bibi wazee wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza mtu, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi hao, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14. Wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Bibi. Benchi. Zahanati ya kawaida. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar.

Kwetu pia tunayo ya kujivunia. Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mbinu ya WHO ya vikao vitano na wakaijaribu kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha unafuu wa kweli. Vijana wa taasisi ya Shamiri, iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn, walikwenda shule za sekondari za Nairobi na Kiambu. Waliowaongoza wanafunzi katika vikundi walikuwa vijana waliotoka kumaliza shule juzi tu, wakizungumza nao mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, namna ya kushukuru, na kuishi kwa yale unayoyathamini. Wiki nne. Wanafunzi 413 walishiriki utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2021, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua zaidi kwa waliopitia vikao hivyo kuliko kwa wenzao wa kundi la kulinganisha.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya akina mama, sako za bodaboda, jumuiya ndogondogo, kamati za misikiti, makundi ya maskani: akiba ya moyo huwekwa kama mnavyoweka ya fedha, kikao kwa kikao, siku ambazo hakuna msiba. Kila kikundi kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusikiliza na kutunza siri. Msiwachague kwa cheo. Mnawajua, ni wale ambao watu huwaendea hata bila kutumwa. Kisha muombe idara ya afya ya kaunti iwafundishe. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi Septemba 2023 na wanapita majumbani. Waulizeni kama wamefunzwa jambo lolote la afya ya akili, na kama hawajafunzwa, daini. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na katiba yetu ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Nendeni mkiwa kikundi. Msikubali kuambiwa afya ya akili ni hospitali ya Mathari tu.

Maimamu, mapadri, wachungaji na wazee wa kaya, ninyi nawaomba jambo moja kubwa: kaeni pamoja sasa, mkubaliane mazishi ya wakati wa gonjwa yatakuwaje. Nani atasoma dua na kutoka umbali gani; wafiwa wasioweza kufika watasikilizishwaje; lini, hatari ikipita, jamii itarudi kukaa matanga yaliyoahirishwa. Yaandikeni, myafikishe kwa afisa wa afya wa kaunti, ili amri ikija ikute mpango wenu mezani. Na wale waliozika 2020 na 2021 bila kukaliwa, hawajachelewa. Tangazeni siku, muwasomee majina ya wapendwa wao, mpike, mkae nao.

Wanaume wenzangu, neno jikaze limetuzika wengi. Mwenzako akikwambia halali usingizi, usimjibu kwamba hata wewe hulali. Muulize tangu lini, kisha unyamaze. Akitamka kwamba amechoka kuishi, mwamini, kaa naye, mfikishe hospitali, usimwache peke yake hata kama anasema ametania. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, watu wakaogopa kuomba msaada wasije wakafikishwa kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na katiba. Hukumu hiyo inatakiwa isomwe barazani na msikitini, maana wengi bado hawajaisikia, na hofu ya kufikishwa kortini ingalipo.

Watoto nao msiwasahau. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Walimu wakuu na wazazi wenye nafasi katika bodi, panganeni mapema namna mwalimu atakavyowafikia wanafunzi wake kwa simu, redio au kwa kupita kijijini. Somo lenyewe litafidiwa baadaye. Mtoto anahitaji kusikia mwalimu akimtaja jina.

Najua kuna atakayenijibu kwamba shida kubwa ya mwaka ule ilikuwa unga, na mwenye njaa hashibi nasaha. Anasema kweli. Hofu ya mama asiyejua watoto watakula nini jioni haiponyeki kwa kusikilizwa tu, na atakayemwendea mikono mitupu atakuwa amemwongezea upweke. Ndiyo maana sitaki kazi hii ifanywe na watu wa nasaha peke yao. Nataka ianzie kwenye chama, penye mfuko. Wekeni fungu la dharura lisilokopwa. Anayekwenda kumjulia hali mwenzake aende na kilo mbili za unga, kibaba cha maharage, au hata kodi ya nusu mwezi ikiwezekana, na akishaviweka chini akae, asiharakishe kuondoka.

Kwa hiyo kikao chenu kijacho, mweka hazina akishasoma hesabu na kabla ya dua ya kufunga, mmoja wenu ainuke aulize maswali haya, na katibu aandike majibu kwa majina: Nani katika mtaa wetu anaishi peke yake? Amri ya kukaa ndani ikitoka kesho, nani atambishia hodi nani, siku gani, na simu ya nani hupokelewa? Na nani kati yetu aliyezika wakati wa korona, ambaye hatujakwenda kumpa pole mpaka leo?